Barua ya wazi kwa diwani wetu: mlipokubaliana, sisi hatukuwepo

Mheshimiwa Diwani,

Kila tukikutana njiani unaniamkia shikamoo, nami naitika marahaba. Leo nisikilize kama mama yako, na kama mpigakura wako.

Unakumbuka siku ile ya kampeni, ukungu haujaondoka, ulipoomba gunia la lumbesa lishushwe kwenye gari? Ulikata kamba mwenyewe. Viazi vilivyokuwa vimerundikwa juu ya mdomo wa gunia ukavipima kwa ndoo mbele yetu: vikajaza mbili na nusu. Ulituambia hizo ndizo ada na sare za wajukuu zetu, zinazoondoka bure kila msimu. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, na wewe ukaahidi mizani katika kila kituo cha kununulia. Nilikupa kura yangu kwa ajili ya zile ndoo mbili na nusu. Bendera ya chama chako haikuwa na uzito wowote kwangu.

Kisha chama kikubwa kikapungukiwa kura za kumpata mwenyekiti wa halmashauri, nanyi wachache mkawaongezea. Hukurudisha kadi, maana ungepoteza udiwani na sisi tungerudi kwenye uchaguzi mdogo. Ulipewa kamati. Hoja ya mizani ilipofika barazani nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wananchi. Nilisubiri usimame. Uliinamia makabrasha yako mpaka hoja ikaahirishwa.

Silaumu kuungana kwenyewe. Nimefundisha uraia miaka mingi, najua wachache hawafanyi kitu peke yao. Lakini Wazanzibari, kabla ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa iliyounganisha CCM na CUF, waliulizwa kwanza. Tarehe 31 Julai 2010 walipiga kura ya maoni, zaidi ya asilimia 66 wakakubali. Uchaguzi ulikuja Oktoba, na Maalim Seif wa CUF alipokuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, hakuna aliyeweza kusema amefichwa jambo. Ubishi ulikuwepo na bado upo, ila waliulizwa.

Uingereza mwaka huohuo ilikuwa kinyume. Wagombea wa Liberal Democrats walikuwa wametia saini kwamba watapinga ada za vyuo vikuu kupandishwa. Wakaingia serikalini na Conservative, kiongozi wao Nick Clegg akawa Naibu Waziri Mkuu, na Desemba bunge likaruhusu ada ipande hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mwaka 2015 wabunge wao wakashuka kutoka 57 hadi 8. Vijana waliokuwa wamewapigia kura walijua kabisa kwamba chama kidogo hakiwezi kupata yote. Kilichowauma ni kwamba jambo lililowatoa nyumbani kwenda kupiga kura ndilo lililoachwa.

Mwanangu, nasi ndilo linalotuuma. Mlipoketi kukubaliana, uliitaja mizani? Kama uliitaja wakakataa, tuambie, tutakuelewa. Kama hukuitaja, tuambie pia.

Itisha mkutano pale pale ulipokatia kamba, uje na hayo makubaliano uyasome kwa sauti. Usitume mtendaji wa kata akusemee. Njoo mapema, maana Jumatatu tunaanza kung'oa, na wanunuzi wamekwisha kufika na kamba zao.

Mwalimu mstaafu na mkulima wa viazi,
Uporoto, Mbeya