Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ratiba ya Sevisi ya Daladala Zetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha atayasoma Mhazini. Mimi nitazungumzia ratiba ya sevisi tuliyoianza mwaka huu, maana kwangu ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya.

Tulikwama kwanza kwenye mita. Oili hubadilishwa kwa kuhesabu kilometa, na Coaster zetu nyingi mita zake zilishakufa zamani. Tukaamua kuhesabu tripu: konda anaandika tripu za siku kwenye daftari la gari, Katibu anazidisha kwa urefu wa ruti. Hata hivyo, gari linaloshinda kwenye foleni ya Mbagala huku injini inaunguruma huchosha oili kabla kilometa hazijatimia, hivyo magari ya ruti za namna hiyo tumeyasogezea sevisi karibu zaidi. Breki pia: gari la kusimama kila kituo humaliza mapema lainingi, yaani kile kipande cha breki kinachosagika.

Sevisi ni Jumapili, abiria wanapopungua, tena kwa zamu ili ruti isibaki tupu. Spea zinanunuliwa Jumamosi. Masika yakikaribia, kila gari linakaguliwa breki, tairi na waipa bila kungoja zamu yake.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya matajiri wenzangu, yaani wenye magari, hawapendi kulisikia. Ratiba hii inauawa na hesabu, yaani ile fedha ambayo dereva humpelekea mwenye gari kila siku. Ukimdai dereva hesabu kamili siku ambayo gari liko juu ya jeki, unamfundisha kuficha ubovu. Mwaka huu fundi alifungua dramu ya breki ya nyuma ya gari moja akakuta lainingi imekwisha kabisa, ribiti zinazoishikilia zimechimba mifereji kwenye chuma cha dramu. Dereva alikuwa akiusikia mkwaruzo huo, akanyamaza kwa kuogopa deni. Na gari hilo hupakia wanafunzi kila asubuhi! Mwenye gari, ambaye angebadilisha breki shuu zenye lainingi tu, akalazimika kununua na dramu.

Kwa hiyo Kamati inaomba mpige kura leo kwa mambo mawili. Kwanza, siku ya sevisi isidaiwe hesabu kwa gari lolote la chama, na dereva apewe posho ili awepo gereji amweleze fundi alichokisikia barabarani. Pili, daftari lisitoke ndani ya gari, hata akishika usukani deiwaka, yaani dereva wa kushikiza kwa siku. Karatasi za kura anazo Katibu.