Risala ya Watoto wa Kituo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mtoto wa Afrika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Ustawi wa Jamii wa Wilaya. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Walezi wetu, majirani na watoto wenzangu: wakubwa wetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi leo, 16 Juni, siku ya kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 wakidai elimu bora.

Mgeni rasmi, wanaotutembelea hutuletea mchele, unga, mafuta na sabuni. Mungu awazidishie, maana kuna siku tungelala njaa. Leo ombi letu ni mchezo.

Yupo mwenzetu aliyeletwa hapa kutoka stendi ya mabasi. Wiki tatu hakusema na mtu. Akiitwa kula anakuja. Akiulizwa jina anatazama chini. Jioni moja wasichana walikuwa wanacheza rede. Wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira, chupa imebaki kidogo tu ijae. Yule mwenzetu, ameegemea ukuta, akapiga ukelele: "Nyuma yako!" Mpira ukapita. Sote tukageuka kumtazama yeye. Kesho yake aliomba kuingia. Sasa ndiye anayeamsha bweni zima kwa kelele, na hatumkatazi.

Mwalimu alitusomea Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8. Haki ya kucheza na kupumzika imeandikwa pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kwa hiyo tunaomba mchezo usiwe zawadi ya waliofaulu mtihani peke yao.

Uwanja wetu ndio huu ulipoketi. Kona ile kuna vifusi na vioo. Mwezi uliopita mwenzetu alishonwa nyuzi nne mguuni. Nyuma ya ukuta kuna eneo la wazi la mtaa. Tunaomba utusemee kwa Mwenyekiti, naye yupo hapa, turuhusiwe kulitumia kuanzia saa kumi jioni hadi magharibi. Wenzetu wawili wanatumia viti vya magurudumu, hivyo njia ya kufika pale isawazishwe, wasibaki wakituchungulia dirishani. Mipira miwili, kamba na bao moja vitatutosha kwa kuanzia.

Baada ya risala hii tutacheza rede mbele yako. Chupa iko tayari, na katikati ataanza yeye.

Tunaomba kuwasilisha.