Barua kwa mwanangu anayekwenda kuchimba

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba, hapa wote wazima. Naandika ndefu hivi kwa sababu kwenye simu ukisikia nataka kuongelea mashimo unaniambia mtandao unakata. Leo asubuhi redio imetangaza tena duara, lile shimo la wachimbaji wa dhahabu, limetitia huko machimboni, watu wako chini, wenzao wanahangaika na kifusi, na wewe wiki ijayo ndo unaenda Bukoba fildi. Ya mjomba wako unayajua, siyarudii.

Najua utasema mama, akiolojia sio machimbo ya dhahabu. Umeshanieleza, mnapima mraba kwa kamba, mnashuka sentimita kumi kumi, udongo wote unapita kwenye chekeche, kila tabaka linaandikwa. Sawa. Lakini kumi kumi zikijumlishwa ni shimo mwanangu, na kuta zenu mnazinyoosha wima kabisa ili matabaka yaonekane, sasa ukuta wima wa udongo uliolowa unashikiliwa na nini? Wachimbaji huku wanaweka matimba, magogo ya kushikilia kuta. Nyie mnaweka nini? Nimeuliza hilo hujanijibu, na Bukoba mvua ni nyingi kuliko kwetu.

Sikia basi. Asubuhi kabla hujashuka zunguka ukingo wote. Ukiona ufa, hata mwembamba kama uzi, unakwenda sambamba na ukingo, usishuke, hata mwalimu akisema shuka. Udongo mliotoa usirundikwe mdomoni mwa shimo, ule ni uzito. Mvua ikinyesha usiku kaa juu ukachekeche na kuosha vigae vya vyungu vya kale, si nayo ni kazi?

Kozi yenyewe ulichagua bila kutuambia, tumejua majina yalipotoka, na hilo bado halijanitoka moyoni. Baba yako mpaka leo anaiita kozi ya mifupa, lakini ile picha yako na mwiko na brashi kaiweka profaili, kila anayempigia anaulizwa kama ameiona. Pale mwaloni Kirumba wananiuliza eti mwanao anasomea kutafuta mali za Mjerumani? Nawaambia hapana, anasomea walivyoishi watu wa kale. Nawaambia fuvu la Zinjanthropus, yule zamadamu, la miaka kama milioni 1.75, aliyeliona pale Olduvai mwaka 1959 ni mwanamke, Mary Leakey, mumewe siku hiyo amelala kambini anaumwa. Wananyamaza kabisa, na mimi naona raha.

Ila angalia mwanangu, fuvu lile lilikuwa limechungulia tu pale mteremkoni, aliliona akitembea. Hakuwa ndani ya shimo refu. Kwa hiyo usiniambie lazima kwenda chini.

Na huko Katuruka, kijiji cha hukohuko Bukoba, umenisimulia mwenyewe, yule Mmarekani Schmidt aliwasikiliza kwanza wazee, habari za mti wa Kaiija na wahunzi, ndo miaka ya 1970 akachimba akakuta mabaki ya kuyeyushia chuma ya zaidi ya miaka 2,000. Basi na wewe wazee wa pale waamkie vizuri, piga goti, daftari litoe baadaye. Na usibebe hata kigae kimoja mfukoni, vitu vya kale vina sheria yake tangu 1964, sitaki kuitwa polisi.

Huku dagaa wamelowa juzi, wameharibika karibu nusu, kwa hiyo hela niliyotuma ni ya buti na kofia ngumu, sio ya nywele. Paa la jikoni linavuja palepale, fundi kachukua advansi haonekani. Mdogo wako akilima viazi kule shambani Magu katoa vigae vina mistari mdomoni, nimemwambia avirudishe palepale nikachomeka kijiti, si ulisema visihamishwe? Utakuja kuviangalia Desemba, kama mbuzi wa jirani hawajang'oa kijiti.

Ukifika Bukoba nitumie picha ya shimo. Shimo lenyewe, sio wewe unatabasamu, na usimamishe ile fimbo yenu ya kupimia nione kina chake. Na kila mkimaliza siku nitumie nyingine.

Mama yako