Nyuma ya mikoko nako kuna wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme neno kuhusu kipande cha ardhi ambacho sisi watu wa pwani tunakipita kila siku bila kukitia maanani: lile jangwa la chumvi lililo nyuma ya mikoko, kabla hujafika kwenye minazi. Nitazunguka kidogo, kwa kuwa mengi ninayoyajua kuhusu ardhi ya namna ile nilijifunzia mbali, kwenye ghuba ya San Francisco, jimbo la California. Huu ni mwaka wangu wa 9 huko, na kazi yangu ni kutega panya, kuwapima na kuwaachia.

Mwezi Julai nilikuwa likizo nyumbani, wilaya ya Pangani. Asubuhi moja nilimsindikiza mjomba kwenda kutazama madema yake ya kutegea samaki. Njia ni ileile ya utotoni: unaiacha minazi, unavuka jangwa, unaingia kwenye michu, ile miti ya jamii ya mikoko iliyo upande wa nchi kavu, ndipo unaikuta mikoko yenyewe na tope. Safari hii nilipofika jangwani sikulitambua. Tuta jipya la udongo lilikuwa limepandishwa kutoka ukingo wa minazi hadi kwenye shina la mchu wa mwisho, na ndani yake majaruba ya chumvi yalikuwa yamekwisha kupimwa kwa kamba. Nilimuuliza kijana aliyeshika kamba kama kuna mtu aliyekuja kwanza kutazama kinachoishi pale. Alinijibu kwa adabu kabisa: "Dada, hapa palikuwa jangwa tu. Hakuna kitu. Labda panya."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonikalisha kuandika barua hii.

Sina ugomvi na chumvi. Baba yangu alitusomesha kwa kazi ya majaruba, na najua mgongo wa mtu unavyokuwa baada ya msimu mmoja wa kukwangua na kubeba. Kijana yule simlaumu. Mimi mwenyewe nilisoma Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, nikatega panya shamba kwenye mahindi usiku baada ya usiku, na katika miaka yote ile haikutujia hata siku moja kwenda kutega nyuma ya mikoko. Tulifundishwa panya kama adui wa ghala, na kweli ni adui wa ghala. Ila si panya wote wanaokaa ghalani.

Panya ninayemfanyia kazi sasa hana jina la Kiswahili. Jina lake la kitaalamu ni Reithrodontomys raviventris. Mimi nikiwaandikia watu wa nyumbani namwita panya wa chumvi. Duniani kote anapatikana kwenye vinamasi vinavyoizunguka ghuba ile peke yake. Mkubwa ana gramu 8 hadi 14, yaani ukimweka kiganjani ni kama umeshika sarafu ya shilingi 500. Hachimbi shimo. Maisha yake yako juu ya mimea, hasa mmea mmoja mnene wa kijani wenye pingilipingili, uliojaa maji ya chumvi, jamaa wa vile vijimea tulivyokuwa tukivitafuna jangwani tukiwa watoto. Akikuta kiota kilichoachwa na ndege hukiezeka juu, kikawa nyumba yake. Huogelea vizuri. Wale wa upande wa kaskazini, ninakofanyia kazi mimi katika kinamasi cha Suisun, wanaweza kunywa maji ya bahari kwa muda mrefu na wasidhurike. Hebu fikiri: mnyama mwenye damu moto, mwenye ukubwa wa kidole gumba hivi, anakunywa maji ambayo wewe na mimi yangetuua. Marekani ilimtia kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka mwaka 1970, na kumshika tu unahitaji kibali cha serikali kuu na cha jimbo.

Watu huniuliza kazi hiyo inafanywaje. Mitego yetu ni visanduku vya bati jepesi vinavyokunjwa, urefu wa shibiri moja hivi. Jioni, jua likikaribia kuzama, tunaingia na mitego 100, tunaipanga kwa mistari, kila mmoja na kibendera chake, kwa sababu mtego uliosahaulika ni panya aliyekufa. Ndani tunatia mbegu na nafaka, na pamba ya kutosha, maana usiku upepo unaotoka baharini hukata hata wakati wa kiangazi. Alfajiri tunarudi. Ukiinua mtego na mlango wake umefungwa, unausikia uzito mdogo ukihama ndani. Unamhamishia kwenye mfuko, unamning'iniza kwenye mizani ya springi, unapima mkia, sikio na mguu, unatazama rangi ya tumbo. Yuko binamu yake anayeishi nchi kavu ambaye wanafanana mno, hata mara nyingine jibu la hakika linatoka maabara. Lakini mkono nao hujifunza: binamu huruka na kung'ata, panya wa chumvi mara nyingi hutulia tu kiganjani, akakutazama. Sijazoea hadi leo. Kisha unamrudisha palepale ulipomtoa.

Jambo la kwanza nililofundishwa huko halikuwa kutega. Lilikuwa kusoma majedwali ya maji kujaa na kupwa. Maji yakitazamiwa kufunika uwanda wa kinamasi, hakuna mtego unaowekwa usiku huo, hata kama fedha za mradi zinakwisha kesho. Kwa mtoto wa Pangani somo hilo halikuwa geni. Bamvua, yaani siku za maji kujaa sana, na maji mafu, siku za maji kujaa kidogo, niliyajua kabla sijajua kusoma. Kilichokuwa kigeni ni kutazama bamvua kwa macho ya mnyama wa gramu 10.

Bamvua kubwa kabisa za kule huja Desemba na Januari. Januari moja nilisimama juu ya tuta la zamani na daftari langu, maji yakipanda asubuhi kweupe. Kinamasi chote kilizama, zikabaki ncha za mimea mirefu tu, na kwenye kila ncha ulikuwa ukiona kitu kinatingishika. Yangeyange na korongo walikuwa wamekwisha kujipanga ukingoni kama abiria wanaongoja mashua, na juu yao mwewe. Upande mmoja kinamasi kinapanda taratibu hadi kwenye nyasi kavu za kilima. Huko panya walisogea na maji, mmea hadi mmea, wakapotea nyasini. Upande wa tuta hapakuwa na pa kusogea. Palikuwa na ukanda wa majani wa hatua mbili, kisha udongo mtupu. Yangeyange mmoja alitembea ukanda ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akimeza panya 4. Kazi yangu siku ile ilikuwa kuandika, nikaandika, lakini picha ile nimelala nayo usiku mwingi.

Ndiyo maana nilipoliona lile tuta letu limefika hadi kwenye mchu wa mwisho, moyo uliniruka. Ukanda ambao maji huufikia siku chache za mwaka unaonekana hauna kazi kwa sababu siku tunazopita sisi ni zile nyingine.

Wenzetu walichelewa kuujua ukweli huo, na gharama yake iko wazi. Tangu mbio za dhahabu za mwaka 1849, ghuba ya San Francisco imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya vinamasi vyake vya maji ya bahari. Vingine vilifanywa mashamba, vingine madampo na viwanja, na upande wa kusini sehemu kubwa iligeuzwa mabwawa ya chumvi, kazi ileile ya baba yangu kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1961 wanawake watatu wa Berkeley, Kay Kerr, Sylvia McLaughlin na Esther Gulick, waliposikia mji wao unataka kuifukia bahari ili ukaribie kuwa na ukubwa maradufu, walianzisha chama cha kuipinga mipango hiyo, wakaenda nyumba kwa nyumba na barua. Hawakuwa wanasayansi. Mwaka 1965 bunge la jimbo likaunda tume ya kusimamia ufukiaji. Mwaka 2003 serikali na wafadhili wakanunua ekari 16,500 za mabwawa ya chumvi kwa dola milioni 100. Mwaka 2006, karibu na mahali paitwapo Alviso, mashine zikakata matuta ya mabwawa matatu, bahari ikaingia tena. Tope likaanza kutua, mimea ikarudi yenyewe. Na mwaka 2016 wapiga kura wa kaunti 9 za ghuba hiyo walikubali, kwa zaidi ya theluthi mbili, kujitoza dola 12 kwa kila kiwanja kila mwaka kwa miaka 20 ili kazi hiyo iendelee.

Ndugu Mhariri, naomba wasomaji waisome tena habari hiyo polepole. Watu walinunua matuta kwa fedha za umma ili wayakate.

Sisi bado hatujafika huko, na ndiyo furaha yangu na hofu yangu. Delta ya Rufiji bado ina msitu mkubwa wa mikoko. Vijiji vingi vinapanda miche, watoto wa shule wanaingia topeni na viongozi wao, na mimi nikiona picha hizo nafurahi kwa dhati. Lakini bahari inapanda, na mikoko ikisukumwa na bahari hurudi nyuma kama mtu yeyote, ikiwa iko nafasi ya kurudi. Nafasi yenyewe ndiyo hilo jangwa. Mchu hauoti juu ya tuta lililoshindiliwa na trekta. Tukipanda mbele huku tunaziba nyuma, ile miche tunaipandia wapi?

Ninaloomba ni dogo. Tuta la chumvi, la bwawa la kamba au la uzio wa kiwanja lisianzie kwenye mchu wa mwisho. Kwetu maji makubwa kuliko yote huja karibu na Machi na Septemba, na yakiondoka huacha mstari wa takataka: majani ya mikoko, vifuu, mapovu yaliyokauka. Kila mzee wa pwani anaujua mstari huo. Tuta likae juu yake, na chini yake tuache majani yaote, tusifyeke. Mwenye majaruba atapoteza hatua kadhaa za ardhi, na najua kwa familia kama yetu hatua kadhaa ni magunia kadhaa. Sisemi kwamba ni bure.

La pili, kabla ya kupima kamba, waitwe watu wa kutega japo usiku tatu. Wataalamu tunao. Hii ndiyo nchi ambayo panya buku, wakifunzwa na shirika la APOPO palepale Sokoine, walijifunza kunusa mabomu yaliyofukiwa wakaenda kuisafisha Msumbiji. Vijana wa Morogoro wanajua kushika panya kuliko wengi niliofanya nao kazi California. Wapewe mitego, wapewe usafiri wa kufika pwani, watuambie nani anaishi pale: panya gani, kirukanjia gani, sange wapo au hawapo.

Siku ile jangwani mjomba hakusema kitu mbele ya yule kijana. Tulipofika kwenye mtumbwi ndipo aliponiuliza, "Mwanangu, hao panya wako wa Marekani, maji yakija wanafanyaje?" Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akafikiri, akavuta kamba ya dema, kisha akasema, "Basi hata wa hapa. Bamvua likija usiku utawaona kwenye matawi ya mchu ukimulika taa. Wadogo, mkia mrefu, macho yanang'aa. Marehemu bibi yako alikuwa na jina lao." Nikamuuliza jina gani. Alijaribu kulikumbuka mpaka tukamaliza madema yote, halikuja.

Miaka 9 nimeandika habari za panya wa watu wengine, jina na namba ya kila mmoja, na wa kwetu hata jina sina. Kwa hiyo nawaomba wazee wanaosoma gazeti hili, kuanzia Mtwara na Kilwa hadi Mkinga, na ndugu zetu wa Kwale na Lamu: kama mnalijua jina la panya mdogo anayepanda mchu siku za bamvua, liandikeni kwa mhariri, na mseme ni la kijiji gani. Maombi ya kibali cha utafiti nimekwisha kuyatuma na mitego 40 imefungashwa. Nitakuwa Pangani bamvua la Machi.

Msomaji wenu,
Mzaliwa wa Pangani,
Suisun City, California