Mashine za kujaza risasi zisiingie majumbani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wenye leseni za bastola hapa Dar es Salaam, hasa wale wanaonipigia simu wakitaka niwaagizie kutoka Marekani mashine ya kujaza risasi, yaani ya kuunda risasi upya kwa maganda yaliyokwisha kufyatuliwa. Nimeishi Phoenix, Arizona, kwa miaka mingi. Nimepiga shabaha na watu wenye mashine hizo kwenye gereji zao, na nimezitumia mwenyewe. Siwaagizii.

Wanayoitaka si ile presi ya kizamani inayofanya kazi moja tu kila unapoivuta. Wanataka ya progresivu, mfano Dillon XL 650, yenye vituo vitano na sahani inayojizungusha. Ukivuta mkono mara moja, ganda hili linanyooshwa na kung'olewa fataki iliyotumika (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), jingine linatiwa baruti, jingine linapachikwa kichwa (kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha), jingine linakazwa mdomo. Aliyeizoea anatoa risasi mia kadhaa kwa saa. Kwenye video inavutia sana.

Video haionyeshi siku inapokwama. Fataki mpya imekaa upande, mkono haushuki. Unaurudisha nusu, unachomoa ganda, unarekebisha, unaendelea. Je, lile lililokuwa kwenye kituo cha baruti limeshatiwa au bado? Likikosa baruti, fataki peke yake inasukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu na kukiacha humo. Risasi inayofuata inakikuta, na mtutu unavimba au kupasuka. Likitiwa mara mbili ni balaa kubwa zaidi. Baruti nyingi za bastola kipimo chake ni kidogo, na ganda la 9mm linaweza kumeza vipimo viwili bila kumwaga hata chembe. Ukiishika risasi hiyo mkononi huioni tofauti yake na nzima.

Wazee walionifundisha walifunga taa juu ya sahani na kuchungulia kila ganda kabla ya kuweka kichwa. Mashine ikikwama, vyote vilivyokuwa kwenye sahani vilitolewa. Simu na mazungumzo vilikatazwa kabisa. Sasa niambieni, ni chumba gani cha Sinza au Tabata chenye utulivu huo, watoto wakiingia na kutoka? Tena fataki zilizotumika huacha vumbi lenye madini ya risasi (ledi), nalo ni sumu, na watoto ndio huathirika zaidi.

Hoja ya kuokoa fedha naisikia kila mara. Kule Arizona ina maana kwa mshindani anayefyatua maelfu ya risasi kwa mwaka na kuokota maganda yake mwenyewe. Mtu wa hapa mwenye bastola ya kulinda duka lake Kariakoo hafyatui idadi hiyo maisha yake yote.

Kuna na sheria. Leseni ya kumiliki bastola si kibali cha kutengeneza risasi. Wanaosema wataleta vipande vya risasi kidogo kidogo wajue kwamba Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, mkataba wa kudhibiti silaha ndogo ambao Tanzania iliutia saini, inapotaja risasi inahesabu pia ganda, fataki, baruti na kichwa, pale vipande hivyo vyenyewe vinapohitaji kibali nchini. Jiji hili lilizika watu baada ya milipuko ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011. Najua makombora ya ghala la jeshi na kopo la baruti si kitu kimoja, lakini sitaki kopo hilo ukutani kwa jirani yangu.

Mwenye kupenda shabaha kweli anunue risasi za kiwandani kwenye duka lenye leseni, akapige kwenye kiwanja kilichoruhusiwa, chenye msimamizi. Nayo Jeshi la Polisi na watu wa forodha nawaomba wawape mawakala wa bandarini picha za mashine hizi, kwa sababu ndani ya kontena la vifaa vya gereji ni rahisi kuidhani presi ya kubania beringi.

Mstaafu,
Tegeta, Dar es Salaam