Usiufute uchawi wa lango

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini hujambo wewe pamoja na wote wa nyumbani. Barua yako niliipata juzi, na tangu hapo jambo moja halijaniacha: kwamba wewe, kama msimamizi wa mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, unakusudia kuufuta uchawi wa Duara la Kusafiria, kwa kuwa mchawi wangu, yaani mhusika ninayemcheza, amefika ngazi ya 9 na sasa ana uwezo wa kuutumia. Unahofia kwamba hakuna tena atakayepanda mlima wala kuvuka jangwa ikiwa tunaweza kufungua lango hapa na kutokea mji wa pili. Naomba unisikilize kabla hujakata shauri.

Usome tena uchawi wenyewe katika toleo la 5 la kanuni, lile la mwaka 2014. Mchawi haendi popote anapotaka, bali huenda pale tu ambapo pana duara la kudumu ambalo mfuatano wa alama zake anaujua. Anapoupata uchawi huu hupewa mifuatano miwili, na anayeichagua ni wewe. Mingine lazima aione kwa macho yake na kuisoma kwa dakika nzima, na maduara hayo kwa kawaida yamo ndani ya mahekalu makubwa na majumba ya vyama, mahali penye walinzi na wenyeji wenye masharti yao. Kwa hiyo safari ya kwanza inabaki palepale. Inayoondoka ni ile ya kurudi, ambayo hata leo huwa unaipitisha kwa sentensi moja.

Acha nikueleze nililoliona mwaka jana nilipocheza na kundi jingine. Tulikuwa katika vyumba vya chini ya ngome, na maiti waliofufuliwa walikuwa wakimiminika kutoka ngazini. Kuchora duara la upana wa futi 10 huchukua dakika 1, na vitani dakika 1 ni raundi 10. Raundi zote hizo mchawi niliyemcheza huko alikuwa amepiga magoti, akichora kwa chaki na wino wenye unga wa vito, vitu vya thamani ya vipande 50 vya dhahabu ambavyo vikishatumika vimekwisha, huku wenzake wakimkinga, maana pigo moja lingetosha kumpotezea umakini na kuharibu kazi yote. Lango lilipofunguka, lilikuwa na muda wa kukaa wazi hadi mwisho wa zamu yangu iliyofuata tu, yaani sekunde 6 hivi. Wawili wakaingia. Mpiganaji wetu mbilikimo alikuwa umbali wa futi 60, naye hata akikimbia kwa nguvu zake zote hazidishi futi 50. Tulihesabu miraba ya ramani mara mbili, kidole changu kikigusa mmoja baada ya mwingine, na mara zote mbili ilibaki miwili kufika langoni. Zamu yangu ikafika. Mezani hapakuwa na aliyesema neno. Nikakichukua kijisanamu cha mchawi wangu, nikakiweka kando ya mbilikimo, na lango likajifunga sisi wawili tukiwa bado nje.

Katika miaka yote niliyocheza, sijapata kukaa mezani usiku wenye uzito kama ule, na uliletwa na uchawi huohuo unaotaka kuuondoa.

Nina ombi la pili pia. Kile kijiji tulichokiokoa, ningependa tukijengee duara lake la kudumu. Kanuni inataka uchawi ufanywe mahali palepale kila siku kwa mwaka mzima, na kwa siku 365 hesabu inafika vipande 18,250 vya dhahabu, mali ambayo hatuna, kwa hiyo itatubidi tuitafute, na wewe utajua itafutwe wapi.

Kama utakubali, basi kati ya ile mifuatano miwili ya mwanzo, mmoja naomba uwe wa mahali ambapo hatupendwi.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote