Barua kwa Mjomba kuhusu maafa ya runingani

Chalmette, Louisiana

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi ya kutunza wazee inakwenda, na joto la huku halipishani sana na la Muheza kabla ya masika. Msalimie bibi na wote wa hapo nyumbani.

Juzi kwenye simu uliniuliza jambo nikashindwa kukujibu maana nilikuwa zamu. Ulisema Hamisi amekuonyesha kwenye simu yake Wamarekani waliojifungia ghalani, wanachuja maji machafu na kugombea chakula, nawe ukauliza: hawa wenye bomba hadi jikoni wanatafuta nini? Ukaongeza kwamba Hamisi amevutiwa na mtambo wao wa kuendesha injini kwa kuni, anataka kuujaribu kwenye mashine yako ya kusaga. Leo nina nafasi.

Kipindi alichokuonyesha bila shaka ni The Colony. Kilirushwa na Discovery Channel mwaka 2009, kikarudi 2010. Hadithi yenyewe ya kubuni: ugonjwa umeimaliza dunia, na watu wa kujitolea wanawekwa mahali pasipo umeme, maji wala duka, wajitegemee kwa wiki kadhaa kamera zikiwafuata. Msimu wa kwanza walikuwa 10, ndani ya ghala huko Los Angeles. Kulikuwa na daktari, muuguzi, mainjinia, fundi magari, fundi ujenzi. Maji waliyachota kwenye mto wa jiji lile, mto uliosakafiwa kwa saruji, wakayapitisha kwenye mchanga na mkaa, kisha wakayachemsha. Kwetu hiyo ingekuwa habari ya nani? Huku watu waliikodolea macho.

Lakini usicheke, Mjomba. Angalia mwaka. Mabenki yalikuwa yameyumba mwaka uliotangulia, watu wanaachishwa kazi na kunyang'anywa nyumba za mkopo. Mtu amekaa sebuleni na bili ya umeme, deni la gari, bima na kadi ya benki, halafu anaonyeshwa dunia ambayo barua za madai haziji tena. Kesho ya pale inajulikana: leta maji, washa moto, linda mlango. Na fundi ndiye mfalme. Anayejua kuchomelea anasikilizwa kuliko mwenye digrii mbili. Wengi huku wanashinda mbele ya kompyuta na jioni hawana cha kushika wakasema hiki nimekitengeneza mimi. Wakimwona mwenzao anakusanya betri za magari, anaziunganisha na taa inawaka, wanapata ile raha unayoipata wewe genereta iliyogoma wiki nzima inapokubali.

Baadaye, mwaka 2012, National Geographic nao wakaleta Doomsday Preppers. Hicho sikukipenda. Watu wanaonyesha stoo zao za makopo na bunduki, kisha wataalamu wanawapa alama kama mtihani wa darasa la saba. Kujitapa tu.

Sasa sikia hili. Msimu wa pili wa The Colony ulipigwa hapahapa Chalmette ninakofanya kazi, kwenye mtaa uliohamwa baada ya kimbunga Katrina. Watengenezaji hawakuwa na haja ya kujenga magofu. Yalikuwepo tangu tarehe 29 Agosti 2005. Siku ile maji yalivunja kingo, karibu kila nyumba ya wilaya hii ya St. Bernard ikafurika, na tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta likamwaga karibu lita milioni 4 za mafuta ghafi humohumo majini.

Mzee mmoja ninayemhudumia ni mzaliwa wa hapa. Nilikitafuta kipindi hicho tukakitazama wote mchana mmoja, baada ya dawa zake. Wale washiriki wa kipindi walikuwa wanavutana na wanyang'anyi (waigizaji wa kukodiwa, hao), muziki umepanda, nami nimeshasogea ukingoni mwa kiti. Mzee hakuwa na habari nao. Alikuwa anaangalia nyuma yao. Akanyanyua kidole: "Simamisha." Nikasimamisha. Akainama mpaka karibu na kioo, akaukagua ukuta wenye mstari wa kahawia, pale maji yalipofikia. Akaanza kunieleza nani alikaa mtaa ule, nani alikuwa na mbwa mkali, nani hakurudi. Akimaliza, ananiruhusu niendelee. Dakika mbili, kidole tena.

Siku ile ya Katrina, katika wilaya hii wazee 35 walikufa maji ndani ya nyumba moja ya kutunzia wazee. Kwa kazi yangu, hesabu hiyo siisahau. Na katika waliokufa Louisiana nzima, karibu nusu walikuwa na miaka 75 na zaidi. Runingani sikumwona mtu wa umri huo. Hakuna anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, hakuna mwenye kisukari anayeuliza insulini itakaa wapi bila friji, hakuna mtoto wa kunyonya. Waliopaswa kufa wamekufa kabla kipindi hakijaanza, na maiti zao hazituhusu. Hapo ndipo ulipo utamu wake, Mjomba, kwa maoni yangu: kila anayetazama anajihesabu katika waliobaki. Hata mimi pale kitini nilishajipangia kazi. Ningekuwa wa maji.

Na wale wanyang'anyi nao! Bila mtu wa kuvamia geti usiku, kipindi hakiendi. Wakati wa Katrina yenyewe uvumi wa uporaji na mauaji ulienea, na mwingi baadaye ukaonekana hauna ukweli. Saa hizohizo wavuvi na majirani walikuwa wanaingiza mashua zao mitaani kuwatoa watu juu ya mapaa. Mzee alitolewa hivyo, na mtu ambaye hakuwahi hata kumjua jina. Kipindi cha mtu mwenye mashua anazunguka mtaa kwa mtaa anapakia watu, mimi ningekitazama.

Ule mtambo uliomvutia Hamisi ni wa gesi ya kuni. Kuni zinaungua ndani ya pipa lililobanwa hewa, kwa hiyo haziwaki vizuri, zinatoa gesi. Gesi inapozwa, inachujwa, inaingia kwenye injini mahali pa petroli. Si maajabu ya runinga. Ulaya wakati wa Vita vya Pili, petroli ilipoadimika, magari mengi yalitembea hivyo. Ila mashine yako ya kusaga ni ya dizeli, haitaenda kwa gesi peke yake, itataka dizeli kidogo ya kuiwasha kila mzunguko. Isipochujwa sawasawa, lami itaganda kwenye vali. Na humo kuna kaboni monoksidi, haina harufu, inamlaza mtu moja kwa moja. Hamisi asithubutu kuijaribu ndani ya banda. Nitumieni picha ya injini na namba iliyogongwa ubavuni, niulizie huku kabla hamjakata pipa lolote.

Mpwa wako,
Zuhura